Kuunda Roketi Ndogo ya Hatua Mbili katika Mazingira ya Malindi

Kaskazini ya mji wa Malindi, baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, yamesimama majukwaa ya chuma ambayo Waitalia waliyatumia kurushia roketi za Scout kuanzia tarehe 26 Aprili 1967. Ni hapo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru. Scout ilikuwa na urefu wa karibu mita 22 na hatua nne za fueli yabisi, na kila hatua iliyokwisha kuungua iliachwa ianguke ili inayofuata isibebe gamba tupu. Roketi inayoelezwa hapa haifiki nusu mita na ina hatua mbili tu, lakini inatii kanuni ile ile, pamoja na sharti ambalo wanaoanza hulisahau: hatua ya pili inapowaka, roketi iwe bado inaelekea juu. Injini haijui mbingu iko wapi. Husukuma kule pua inakotazama.

Tuanze na injini, kwa sababu hizo hazitengenezwi nyumbani kwa hali yoyote ile. Hununuliwa zikiwa tayari kutoka kiwandani, na kwa kuwa ndani yake mna baruti, kuziingiza Kenya kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Asiye na kibali asubiri, au aunde roketi ya maji kwa chupa za soda, ambayo nayo ina utamu wake. Injini za kawaida za kazi hii zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 70, na kila moja imeandikwa herufi na tarakimu mbili. Herufi huonyesha jumla ya msukumo: A haizidi newtoni-sekunde 2.5, B haizidi 5, C haizidi 10. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa newtoni, na ya mwisho ni sekunde ambazo injini husubiri baada ya kuungua kabla ya kufyatua chaji ndogo inayosukuma pua nje. Injini ya hatua ya chini huishia na sifuri, kwa mfano B6-0, maana yake haisubiri wala haina chaji hiyo. Baruti inapoungua hadi mwisho, moto na chembe zinazowaka hutoboka kwa mbele na kuingia katika tundu la injini ya juu, nayo huwaka papo hapo. Hakuna waya wala saa ya kuamrisha hatua ya pili, na kwa hiyo maungio ya injini hizi mbili ndiyo roho ya roketi nzima.

Kiwiliwili hufanywa kwa kuviringisha karatasi ya kaki juu ya injini kadhaa zilizokwisha kutumika, zikipangwa mkia kwa kichwa. Tabaka tatu zilizopakwa gundi nyeupe ya mbao zinatosha. Ya nne ni uzito wa bure. Bomba la juu liwe na urefu wa sentimita 30, na la chini milimita 75. Ndani ya bomba la juu, milimita 58 kutoka mkiani, gundisha pete ya kadibodi ya kuzuia injini isipande, ili injini ikishaingia ichomoze milimita 12. Sehemu hiyo iliyochomoza ndiyo itakayoingia katika bomba la chini na kushika hatua mbili pamoja. Msukumo wa injini ya chini hupita katika injini ya juu na kuifikia pete hiyo, kwa hiyo usiibanie gundi.

Pua ichongwe kwa mbao nyepesi kama ya msufi na kulainishwa kwa msasa, na mapezi yakatwe kwa kadibodi ya boksi la viatu, tabaka mbili zilizogundishwa na kukaushwa chini ya kitu kizito. Pima kila kipande kabla ya kukigundisha. Mimi huazima mizani ya sonara, kwa sababu mizani ya jikoni haioni gramu mbili, na gramu mbili mkiani ni nyingi. Roketi nzima pamoja na injini zake isizidi gramu 80.

Tatizo la roketi ya hatua mbili ni kwamba injini zote zimekaa nyuma, mithili ya jahazi lililopakiwa shehena yote tezi. Roketi hutulia angani iwapo kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha nguvu ya hewa kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, na ni vizuri zaidi vikiwa viwili, yaani karibu sentimita nne hapa. Ndiyo maana mapezi ya hatua ya chini huwa makubwa kuliko ya juu. Kata kivuli cha roketi yako katika kadibodi na ukisawazishe juu ya ukingo wa rula: hapo ndipo penye kitovu cha nguvu ya hewa, kwa makadirio yaliyo upande wa usalama. Kisha isawazishe roketi yenyewe ikiwa na injini zake, uifunge uzi mahali hapo na kuizungusha kichwani kama kombeo. Ikitangulia pua, ni salama. Ikitangulia mkia au ikiyumba, ongeza udongo wa mfinyanzi kidogo ndani ya pua. Rudia jaribio kwa hatua ya juu peke yake, maana nayo itaruka peke yake.

Hatua ya chini haihitaji mwavuli wa kuishusha. Ikiwa fupi na nyepesi, hupinduka-pinduka na kuanguka polepole. Hatua ya juu ipewe utepe wa karatasi nyembamba wa sentimita 5 kwa 50, uliofungwa kwenye pua kwa lastiki ya nguo. Mwavuli unapendeza machoni, lakini kwa upepo wa pwani yetu utaufuata kwa mtumbwi. Kati ya injini na utepe tia karatasi maalumu isiyoshika moto, au majani mabichi yaliyochanwa.

Unyevu wa bahari hupinda kadibodi, kwa hiyo mapezi yapakwe rangi pande zote mbili siku moja. Injini zihifadhiwe katika kopo lililofungwa, wala zisiachwe ndani ya gari juani, kwa sababu joto linalopanda na kushuka huweza kupasua baruti ndani, na injini yenye ufa hulipuka badala ya kusukuma.

Kwa mruko wa kwanza chagua B6-0 chini na A8-5 juu. Gusanisha injini hizo mbili kabisa, zizungushie seloteipu mara moja tu, kisha uzitie mahali pake. Kiwashio cha umeme huwekwa katika injini ya chini peke yake.

Mahali pa kurushia pasiwe karibu na uwanja wa ndege wa Malindi, wala nyumba za makuti, ambazo cheche moja inazitosha. Ardhi tupu ya upande wa Gongoni inafaa, kwa idhini ya mwenyewe na ya mamlaka ya usafiri wa anga. Majira mazuri ni maleleji, kusi linapokwisha na kaskazi halijashika, asubuhi mapema. Kumbuka tu kwamba umande, yaani upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, huvuma kuelekea baharini. Roketi huelekeza pua yake upepo unakotoka, na roketi yangu ya kwanza, niliyoirusha alasiri ya kusi kwa kukosa subira, ilikuwa imelala nusu wakati hatua ya pili ilipowaka. Ikapita juu ya minazi kama mshale na sikuiona tena.

Simamisha ufito wa chuma wa milimita 3 na urefu wa mita moja, na roketi iushike kwa kipande cha mrija kilichogundishwa ubavuni. Simama mita 10 nyuma na ufunguo wa usalama wa kisanduku cha umeme mfukoni mwako hadi dakika ya mwisho, kisha hesabu kwa sauti. Isipowaka, toa ufunguo na usubiri dakika nzima kabla ya kuikaribia. Itakaporudi salama mara tatu, unaweza kuweka C6-0 chini na B6-6 juu, na hapo tafuta mwenzako mwenye macho makali wa kuifuata hatua ya chini inapoanguka wakati wewe unaitazama ya juu.