Somo: Kuhamishia maktaba ya iTunes kwenye diski ya nje

Swali la namna ya kuhamishia maktaba ya iTunes, programu ya muziki ya Apple, kwenye diski ya nje hunijia karibu kila wiki kutoka kwa madijei wa Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, kwa hiyo ninaliandikia somo ili nipate pa kuwaelekeza. Maelezo ni ya iTunes kwenye Windows.

1. Chomeka diski. Kama utaitumia kwenye Mac pia, iwe ya mfumo wa exFAT, lakini kuifomati hufuta kila kilichomo.

2. Tengeneza folda ya muziki ndani yake.

3. Katika iTunes fungua Edit, Preferences, Advanced, bonyeza Change, uchague folda hiyo.

4. Fungua File, Library, Organize Library, weka alama kwenye Consolidate files, kisha OK. Wengi huiruka hatua hii wakaburuta folda kwa mkono. Maktaba ya iTunes hutunza anwani ya kila faili tu, na faili ikihama bila iTunes kujua, alama ya mshangao hutokea kando ya kila wimbo wa ohangla (muziki wa Kiluo) uliohangaika kuupanga. Consolidate hunakili faili na kusahihisha anwani kwa pamoja. Usichomoe diski kazi ikiendelea, wala usianze jioni ambayo umeme unakatika-katika ikiwa kompyuta yako haina betri.

5. Nyimbo za zamani bado zimo kwenye kompyuta, hivyo wimbo kucheza si ushahidi. Fungua Get Info, sehemu ya File, usome anwani. Ikionyesha diski mpya, ndipo ufute nakala za zamani.

Swali: Nilifuta za zamani kwanza ili nipate nafasi. Sasa nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 5 iko wazi. Angalia Recycle Bin.

Swali: Samahani mwalimu, mbona diski ileile iliyofanya kazi jana, leo nyimbo zake hazionekani?
Jibu: Umeuliza vyema. Huenda ulitangulia kuchomeka flashi, Windows ikaipa flashi herufi ya diski yako (kama E), ambayo ndiyo inayoanza anwani za nyimbo zako. Ingia Disk Management uipe diski herufi ya mbali, kama M. Tena ichomeke kabla ya kufungua iTunes, la sivyo nyimbo mpya zitaingia kwenye kompyuta.

Swali: Na orodha zangu za nyimbo za harusi?
Jibu: Zimo katika faili iitwayo iTunes Library.itl, inayobaki kwenye kompyuta. Funga iTunes, kisha uinakili nayo kwenye diski.