Somo: Kuunda mandhari ya Ndia Kuu kwa vipande vya picha

Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa, ni nyembamba mno kwa kamera. Ukiinua simu uipate roshani, kizingiti kinakatika. Ukirudi nyuma, mgongo unagota ukuta wa nyumba ya pili. Na hata picha ikitoka safi, inamfunga mtazamaji mahali pamoja, mistari yote ikikimbilia nukta moja. Sisi hatuuoni mtaa hivyo. Tunatembea, tunageuza shingo, tunausogelea mlango. Kolaji, yaani picha nyingi zilizobandikwa pamoja kuwa moja, inaonyesha mwendo huo.

Mchoraji Mwingereza David Hockney alianza kuunganisha picha za Polaroid, zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo, mwaka 1982. Kolaji yake ya barabara ya Pearblossom, California, ya mwaka 1986, ina mamia ya picha, na kibao cha kusimamisha magari alikipiga kwa karibu akiwa juu ya ngazi. Ndiyo maana kibao kinakutazama uso kwa uso huku barabara ikienda zake mbali. Hilo ndilo tunaloiga.

1. Anzia upande wa Fort Jesus, asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya nyumba za upande wa Bandari ya Kale. Mwanga wa kivuli hautofautiani sana. Bonyeza skrini kwa kidole mpaka mwanga ujifunge, kisha usiuguse tena.

2. Piga picha ya miguu yako kwanza, halafu inua simu polepole hadi angani, ukipiga picha. Kila picha iingie theluthi moja ndani ya mwenzake.

3. Sasa tembea. Hatua hii ndiyo roho ya kazi, msiiruke. Ukifika kwenye mlango wa nakshi, simama mbele yake kabisa: piga kizingiti cha juu, nguzo ya kati, komeo, kila kimoja peke yake. Kwa mbali mlango ni doa la kahawia. Kwa karibu utaona vumbi lililolala ndani ya maua ya nakshi, na mbao ilivyong'aa pale mikono inaposukuma. Wenye nyumba waliokaa barazani wasalimu na uwaombe ruhusa kabla ya kuinua simu.

4. Safisha picha za sentimita 10 kwa 15, karatasi isiyong'aa.

5. Zipange mezani bila gundi. Anza na mlango, uwe mkubwa kuliko "inavyopaswa". Usikate kingo. Ukiridhika, bandika kwenye plaiwudi kwa selotepu ya pande mbili. Gundi ya maji, na unyevu wetu huu, hukunja karatasi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, simu yangu ina panorama, ile picha moja pana. Si ni yale yale?*
Hapana, ndugu yangu. Panorama inapigwa umesimama pale pale, kisha programu inaficha viungo. Sisi tunataka viungo vionekane.

*Kwenye kolaji yangu ukingo wa barabara umevunjikavunjika, hausomeki.*
Chagua mstari mmoja tu uende sawa, mfano ukingo wa kushoto. Mingine iache ivunjike.

*Shikamoo mwalimu. Nataka kufanya kolaji ya bahari pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, lakini maji hayana mistari.*
Marahaba mwanangu. Tumia wakati. Piga miamba maji yakiwa yamepwa, rudi baada ya muda wa saa sita hivi yakijaa, uchanganye vipande. Mbuyu mmoja uwe karibu, gome lake lijaze picha kadhaa.