Kabla hujazitupa eafoni zilizokuja na simu, fanya haya kwanza

Simu nyingi za bei ya kawaida, iwe itel, Tecno au Infinix, ukifungua boksi unakuta na eafoni za waya humo ndani, na wengi tunazijaribu dakika mbili, tunaona besi hamna, basi zinatupwa kwenye droo au anapewa mdogo wetu, afu tunaenda zetu sokoni Majengo, hapa Dodoma, kutafuta za blututu. Inaniuma kwa kweli, mana mara nyingi kinachoharibu muziki sio zile eafoni. Ni raba haijaziba sikio, au tundu la simu la kuchomekea eafoni limejaa vumbi, au ni apu haijawekwa vizuri, na vyote hivyo unarekebisha mwenyewe nyumbani bila kumpa fundi hata mia.

Anza na raba, kama eafoni zako ni zile za kuingia ndani ya sikio. Besi haisikiki kama kuna upenyo kati ya raba na sikio, hata ununue za bei gani. Weka wimbo wowote wenye besi nzito, afu sukuma eafoni ndani kidogo kwa kidole, ukisikia besi imeongezeka ghafla ujue raba uliyoweka ni ndogo, angalia kwenye boksi mara nyingi kuna saizi zingine kwenye kimfuko cha nailoni ambacho watu hawakioni wanatupa na boksi lake. Na masikio hayalingani, usishangae kulia ukatumia raba ya kati na kushoto ukatumia kubwa. Wakati wa kuvaa, vuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, achia. Zile za plastiki tupu zisizo na raba, zivalishe vile visponji vyeusi, zitakaa vizuri zaidi.

Hili la kuziba lina faida nyingine kubwa zaidi ya besi. Ukiwa kwenye daladala ya kwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, konda anapiga kelele, injini nayo inanguruma, kama raba haijaziba utapandisha sauti mpaka mwisho ili usikie, na hapo unaumiza masikio kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema ukisikiliza kwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) usizidi saa 40 kwa wiki, na sauti ikipanda hizo saa zinapungua haraka sana. Ile onyo simu inayokutolea ukipandisha sauti sana usiibonyeze kuiondoa tu, imewekwa kwa sababu. Tafadhali, sikio likishaharibika kwa kelele halirudi.

Sasa tundu la simu, na hapa nataka nikae kidogo mana kwetu Dodoma ndio ugonjwa namba moja. Kiangazi kile cha upepo, vumbi linaingia kila mahali, na simu inakaa mfukoni na nyuzi nyuzi za suruali, kila ukichomeka pini unalishindilia vumbi chini mpaka linakuwa kama kigodoro. Pini haifiki mwisho. Hapo utaona vitu vya ajabu, simu haioni eafoni kabisa, au muziki unajisimamisha wenyewe, au hili ambalo linawachanganya wengi, unasikia biti na mwangwi lakini sauti ya mwimbaji imepotea iko mbali huko. Sababu yake ni hii, ile pini ina pete kadhaa, moja ni ya kushoto, nyingine ya kulia, na moja ni ya waya wa pamoja ambao unarudisha umeme. Huo wa pamoja usipogusa vizuri, kushoto na kulia zinaanza kutoana, na kwa kuwa mwimbaji huwa amewekwa katikati, yaani sawa sawa pande zote mbili, yeye ndio anayefutika. Ukizungusha pini kidogo na mwimbaji akarudi, jua ni uchafu au pini imelegea, wimbo hauna shida.

Kusafisha: zima simu, mulika kwa tochi ya simu nyingine uone ndani, chukua kijiti cha meno cha mbao, geuza simu tundu liangalie chini, kwangua pole pole ukuta na chini kabisa, utashangaa kitakachodondoka. Usitumie sindano wala pini ya chuma, vile vibati vya ndani vikipinda umemaliza tundu. Na usipulize kwa mdomo, unapeleka mate. Eafoni zenyewe ukiona upande mmoja umefifia, vua raba, zioshe kwa sabuni na uzikaushe, afu kile kiwavu piga kwa mswaki mkavu, eafoni ikiwa imeangalia chini ili nta idondoke nje isizame ndani.

Tuje kwenye apu. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinakuja na Boomplay tayari imo, na sio apu mbaya, nyimbo za bongo zimejaa. Ila elewa kwamba wimbo ukiupakua ndani ya Boomplay unabaki humo humo, huwezi kumrushia mtu WhatsApp wala kuufungua kwa apu nyingine. YouTube nayo bila kulipia, ukizima skrini na muziki unakatika, kwa hiyo unachoma betri na bando kwa pamoja. Nyimbo zako mwenyewe zilizo kwenye memori kadi, nakushauri weka VLC, ni bure, haina matangazo, inapiga skrini ikiwa imezimwa na ina ekolaiza, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine.

Muziki ukikatika katikati simu ikiwa mfukoni, mara nyingi ni simu yenyewe inaua apu ili itunze betri, hasa zenye ramu ndogo. Nenda Mipangilio, ingia kwenye apu husika, sehemu ya betri, iruhusu ifanye kazi bila vizuizi.

Na angalia unachopiga. Wale vijana wa kujaza nyimbo kwenye memori wanakupa nyimbo mia kwa bei chee, lakini mafaili mengi yameshabanwa mara mbili tatu. Wimbo wa dakika 4 wa kbps 128 (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde ya wimbo) unakuwa kama MB 4, wa kbps 320 karibu MB 10, ila ukichukua wa 128 ukaugeuza kuwa 320 unaongeza uzito tu, kilichokatwa hakirudi. Kwenye ekolaiza usikimbilie kupandisha besi mpaka juu, spika ndogo hizi zinakoroma. Shusha kidogo pale kwenye Hz 2,000 mpaka 4,000, zile sauti kali za juu kiasi, kama zinachoma sikio, acha besi karibu na ilipo, afu ndio ongeza sauti kwa ujumla.

Ukitaka kuzipima eafoni zako, weka muziki wa Kigogo, wenye zeze na ilimba, kile chombo cha vijichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ilimba ina mtetemo wake wa zzz unaofuata kila noti, na huo umewekwa makusudi na fundi wa ilimba, usidhani eafoni imepasuka. Eafoni nzuri itakuonesha noti na mtetemo wake kila kimoja kivyake, mbaya itavichanganya vyote viwe kelele.

Kitu kingine, eafoni za waya ndio antena ya redio FM kwenye simu hizi. Blututu haiwezi hiyo kazi. Bando limeisha na timu ya Dodoma Jiji wanacheza uwanja wa Jamhuri na mechi inatangazwa, chomeka waya, unyooshe usiukunje, sikiliza bure.

Ikitokea upande mmoja umekufa kabisa, kabla hujapata nyingine, ingia kwenye zana za ufikivu uwashe sauti ya mono, sauti za pande zote mbili zitaingia kwenye sikio linalofanya kazi, usikose gitaa lililorekodiwa upande mmoja. Na ukienda kununua nyingine, nenda na simu yako na wimbo unaoujua vizuri, omba kujaribu pale pale, zungusha pini, kunja waya karibu na pini na pale kwenye kibonyezo cha maiki, ikikatakata hata mara moja mrudishie muuzaji.