Kabla Hujanyoosha Mkono Mnadani: Gari Lililostaafu Polisi Kama Gari Lako la Kila Siku

Kila linapotoka tangazo la mnada wa magari ya serikali, kuna mtu Dar es Salaam anayeanza kupiga hesabu usiku. Land Cruiser mkonge, ile ya mfululizo wa 70, iliyowahi kubeba namba za PT, yaani za polisi, inauzwa, bei ya kuanzia inakaribia ya kigari kidogo kilichotumika, na yeye amechoka kubanana kwenye daladala za Mbagala. Namwelewa kabisa. Mkonge ni gari la kazi, linapanda vilima vya Goba na kupita mashimo ya Chanika bila kulalamika. Naomba tu atulie asome haya kwanza, maana bei ya mnadani ni malipo ya mwanzo, na yanayofuata ndiyo huwaangusha watu.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu magari ya polisi umetoka Marekani. Kule idara za polisi huyauza yakiwa bado yanatembea. Ford Crown Victoria, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2011, ilipendwa na madereva wa teksi kwa sababu ilitoka polisi ikiwa na mfumo mzuri wa kupoza injini, springi ngumu na kumbukumbu za matengenezo. Mnunuzi alipiga rangi akaingia barabarani. Kwetu tangazo lenyewe hutumia neno chakavu, na lina maana hiyo hiyo. Gari hutumika mpaka kulifufua kunashinda bajeti, kisha hukaa juani kwa muda mrefu likingoja taratibu za kuuzwa. Katika muda huo betri hufa, matairi hupasuka ubavuni, mipira hukauka, na vifaa vinavyofaa vinaweza kuwa vimeshahamishiwa gari jingine linalohitajika barabarani. Kwa hiyo panga fedha zako ukijua unanunua gari bovu. Likikushangaza kwa uzima, mshukuru Mungu.

Kuna msimamo wa mafundi ninaoukubali kwa moyo wote: injini inanunulika, chesisi na karatasi hazinunuliki. Mkonge nyingi zina injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Injini hiyo imejaa nchi nzima, spea zake zinapatikana Gerezani na Shaurimoyo, na mafundi wanaifahamu vizuri. Lakini siku ya ukaguzi utaona watu wamezunguka boneti, kila mmoja anachomoa kijiti cha oili na kunusa, na hakuna aliyelala chini kutazama chesisi. Wewe anza chini.

Nenda na tochi, bisibisi, brashi ya waya na kipande cha boksi la kulalia. Tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na tairi. Isugue mpaka isomeke yote, uipige picha, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye orodha ya mnada, tarakimu kwa tarakimu. Modeli ya mkonge iitwayo HZJ79 ni pickup ya kuanzia mwaka 1999, ambayo mbele ina springi za koili. HZJ75 ni ya kabla ya hapo, springi za majani mbele na nyuma. Karatasi zikisema hivi na chuma kikasema vile, ondoka. Namba iliyosagwa, au iliyo juu ya kipande kilichochomelewa, ondoka bila kubishana na mtu. Angalia pia namba ya injini, kwa sababu gari lililohudumu muda mrefu linaweza kuwa lilibadilishiwa injini njiani bila kumbukumbu kurekebishwa, na kadi ya gari hubeba namba zote mbili. Hilo linatibika, ila ulijue kabla, si siku umesimama dirishani TRA, mamlaka ya mapato.

Kisha kutu. Hewa ya bahari haina huruma, na gari lililofanya doria pwani, likavuka na pantoni ya Kigamboni na kupita maji ya mafuriko kila masika, huliwa kutokea ndani. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi mwisho wa nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti iliyofifia na maganda yanadondoka. Kaa sana kwenye vikalio vya springi za nyuma na sehemu ya mwisho wa chesisi, maana huko ndiko tope hukaa. Pickup za polisi hufungwa mabenchi nyuma kwa ajili ya askari, na si kila aliyeyafunga alitumia bolti. Ukikuta yamechomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, tazama kama pembeni mwa weldingi kuna ufa. Ufa wa aina hiyo hukua kila unapopita tuta.

Neno moja kuhusu Difenda. Mitaani kila pickup ya polisi huitwa hivyo, lakini Land Rover Defender halisi ni habari nyingine. Bodi yake ni alumini, chesisi ni chuma, na vyuma hivyo viwili vikikutana na maji ya chumvi alumini hugeuka unga mweupe kwenye maungio. Uzalishaji wake wa zamani ulikoma Januari 2016. Yenye injini ya 300Tdi inatengenezeka na fundi mzuri wa dizeli. Yenye injini ya Td5, iliyokuja mwaka 1998, inaongozwa na kompyuta na inataka fundi mwenye mashine ya kupimia. Kama huna fundi wa Land Rover unayemwamini, chukua Toyota.

Sasa injini. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi, hata kama hakuna aliyezichezea. Gari la polisi husimama saa nyingi likiwa linanguruma: kwenye kizuizi, nje ya uwanja siku ya mechi, kando ya barabara kiongozi akisubiriwa kupita. Saa hizo za sailensa, yaani injini inanguruma gari limesimama, hazionekani popote kwenye mita, lakini pistoni zinatembea, oili inachoka na nozeli zinajaa masizi. Kampuni ya Ford huwaambia wenye magari ya kazi wahesabu saa moja ya sailensa kuwa sawa na makumi ya kilomita za safari. Kwa hiyo gari linaloonyesha kilomita 180,000 linaweza kuwa na injini iliyofanya kazi ya kilomita 300,000 au zaidi. Uliza kama kuna kitabu cha safari au faili la matengenezo. Magari ya serikali kwa kawaida hutengenezwa TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, na karatasi moja ya kazi ya karakana itakuambia mengi kuliko maneno ya dalali.

Kama linawaka, hakikisha unaliwasha likiwa baridi. Ukikuta limeshapashwa moto kabla hujafika, subiri lipoe. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua, yaani ringi au valvu zimechoka. Moshi mweusi mzito unaelekeza kwenye nozeli na pampu ya dizeli. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: mvuke kidogo ni kawaida, ila likipumua kwa nguvu kama chungu kinachochemka, jiandae kushusha injini. Fungua rejeta likiwa baridi utazame kama kuna mafuta yanayoelea. Hedi za 1HZ zilizowahi kuchemsha hupasuka, na hedi iliyopasuka huweza kujificha mpaka siku ya foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni. Na uulize habari za taimingi belti. Injini hii hutumia mkanda, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Asiyekuwa na jibu amekujibu: ununue mpya siku ya kwanza.

Kama haliwaki, na mengi hayawaki, basi thamani yake kwako ni chesisi, bodi, difu, giaboksi na karatasi. Weka bei ukihesabu injini kuwa haipo. Wanaoponea hapo ni wale waliokwenda na fundi wao na kumlipa posho ya siku. Ni fedha ndogo kuliko zote utakazotumia katika safari hii.

Umeme unawatesa wanunuzi baadaye kuliko kitu kingine. Gari lilikuwa na redio ya mawasiliano, taa za juu, king'ora, swichi za ziada. Siku ya kulistaafisha vifaa hivyo vilikatwa, na waya zikabaki zikining'inia nyuma ya dashibodi, nyingine bado zina moto. Betri itakuwa inakwisha chaji kwa usiku mmoja tu, na siku mbaya waya uliochubuka utagusa bodi. Fundi umeme afuate kila waya mpaka mwisho wake na kuutoa. Matundu ya antena na taa kwenye paa nayo yazibwe vizuri, la sivyo mvua ya kwanza ya masika itaingia kabini.

Kuhusu mnada wenyewe, soma tangazo lote, hata maandishi madogo. Masharti yaliyozoeleka katika minada ya serikali ni kwamba gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, mshindi analipa papo hapo amana ya asilimia 25, na kilichobaki anakimaliza ndani ya siku 14. Ukishindwa, gari linarudi na amana imekwenda. Ndiyo maana usiende mnadani ukitegemea mkopo ambao hujaupata. Andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi ukiwa nyumbani, na joto la mnada likipanda, itii karatasi. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali pekee; anayekuambia, "Bosi, nitumie kwenye simu yangu nikuwekee nafasi," mwache. Uliza pia, kabla ya siku yenyewe, kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi na nani atalipa kodi hiyo, kwa sababu deni la namna hiyo linaweza kulifanya gari la bei poa kuwa ghali kuliko la dukani.

Kama unanunua kwa mtu aliyelinunua mnadani, mnyororo wa karatasi usikatike mahali: hati ya mnada, stakabadhi ya malipo yote, barua ya makabidhiano, kisha kadi yenye jina la muuzaji huyo huyo. Gari lenye namba za njano na kadi ya mtu mwingine "aliyesafiri" ni kesi inayosubiri mwenyewe. Angalia pia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kutumia namba ya gari.

Baada ya kulipata, livue upolisi kabisa. Ving'ora na vimulimuli ni vya magari ya dharura, na polisi wamekuwa wakiwakamata raia wanaovifunga. Maandishi, nembo na mistari vifutwe, visifunikwe kwa stika. Rangi imeandikwa kwenye kadi, hivyo ukipiga nyingine, kadi nayo ibadilishwe TRA. Ukikuta chini ya kiti kifaa chochote cha jeshi hilo, hata ganda la risasi, kipeleke kituoni siku hiyo hiyo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu gari linalofanana na la polisi huwatisha majirani, huwavutia matapeli wa kuliazima, na litakufanya usimamishwe kwenye kila kizuizi.

Maisha ya kila siku nayo utayaonja mapema. Injini ya 1HZ hunywa karibu lita 10 za oili kila unapoibadilisha, wakati Toyota IST huridhika na chini ya lita 4. Bei ya dizeli hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na utaanza kuisubiri kama matokeo ya mtihani. Pickup ya kabini moja inakaa watu watatu. Nyuma si mahali pa watoto, hata kama askari walikaa huko. Nyingi hazina kiyoyozi, na Februari ya Dar unaijua. Kuegesha Kariakoo kunataka subira na mabega, kwa kuwa gari ni refu na halikati kona kirahisi. Kwa mwenye shamba Mkuranga, au fundi anayebeba vifaa kila siku, yote hayo yanabebeka. Kwa anayetoka Sinza kwenda ofisini Posta na kurudi, sioni kwa nini ajitese.

Bima ndogo ni lazima kisheria kabla gari halijagusa barabara, na stika yake ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kwa bima kubwa, zungumza na kampuni kabla ya kununua, maana gari kuukuu lisilo na historia huweza kukataliwa au kupewa thamani ndogo.

Siku ya kulichukua liende kwa bredauni mpaka gereji, hata kama linawaka. Kule libadilishwe oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mipira ya breki, hozi, taimingi belti na filta zote, na tangi la dizeli lishushwe lioshwe, kwa kuwa dizeli iliyokaa muda mrefu huota uchafu unaoziba nozeli. Matairi yaliyosimama juani yasiaminiwe hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, ni nzima. Baada ya hapo liendeshe karibu na nyumbani kwa muda, likiwa na nakala za hati ya mnada na stakabadhi ndani ya dashibodi, na kila asubuhi tazama chini lilipolala kama limedondosha kitu.