Kutumia Fedha za Ulemavu Shuleni: Anza na Kizuizi, Kisha Bajeti

Fungu la ulemavu, yaani fedha zinazotengwa kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu, katika shule inayoendesha elimu jumuishi (ambamo wanafunzi hao husoma pamoja na wenzao) kwa kawaida hupotea kwa mojawapo ya njia mbili. Ama hukaa bila kuguswa hadi mwaka wa fedha unakaribia kufungwa, ndipo vinunuliwe kwa pupa vifaa ambavyo hakuna aliyeviomba; ama hutumika mapema mno kwa kile kinachopendeza kuonyeshwa wageni. Chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja: wapangaji walianza na jina la ulemavu au orodha ya bidhaa, wala hawakuuliza ni kitu gani hasa kinachomzuia mwanafunzi huyu kusoma, kushiriki na kufanya mtihani pamoja na wenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kukadiria gharama yoyote, soma masharti ya fedha yenyewe. Yapo mafungu yanayomfuata mwanafunzi mmoja aliyethibitishwa, yapo yanayotolewa kwa shule nzima ili iongeze uwezo wake, na yapo yaliyofungwa kwa matumizi mahususi kama vile usafiri, ukarabati au vifaa saidizi. Kuyachanganya ni kujitafutia hoja za ukaguzi. Swali linalosumbua zaidi ni kama fedha za mwanafunzi mmoja zinaweza kulipia kitu kitakachowanufaisha na wengine, kwa mfano kipaza sauti cha darasani. Liulize kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, na ulihifadhi pamoja na hati za malipo.

Kutambua kizuizi

Hatua hii ndiyo inayostahili muda mwingi, ingawa ndiyo inayorukwa mara nyingi. Keti na mwanafunzi mwenyewe, mzazi au mlezi wake na walimu wanaomfundisha, mpitie siku yake yote ya shule, tangu langoni, darasani, maabara, msalani na uwanjani, hadi anaporudi nyumbani na kazi za kufanya. Maswali mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu lililo chini ya Umoja wa Mataifa, yanasaidia kuanzisha mazungumzo, kwa kuwa hayaulizi mtu ana ulemavu gani, bali huuliza ana ugumu kiasi gani katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Kwa watoto ni bora kutumia moduli iliyoandaliwa mahususi kwa ajili yao na kundi hilo likishirikiana na UNICEF, maana yale maswali mafupi huwaacha nje baadhi ya wenye matatizo ya kujifunza na ya kihisia.

Cheti cha daktari kinaweza kuwa sharti la kupata fedha, lakini hakitoshi kupanga matumizi yake. Wanafunzi wawili wanaweza kuwa na mtindio wa ubongo, mmoja akitembea vizuri ila mkono wake hauwezi kufuata kasi ya imla, na mwingine akitumia kiti mwendo huku mwandiko wake ukiwa safi kuliko wa mwalimu. Wa kwanza anahitaji kompyuta na muda wa ziada wakati wa mtihani. Wa pili anahitaji njia ya kuingilia darasani na meza ya kimo kinachofaa. Anayewapangia bajeti moja kwa sababu vyeti vyao vinafanana hatamsaidia hata mmoja.

Kila kizuizi kiandikwe kwa sentensi moja yenye sababu ndani yake. Mathalani: “Hapati maelezo ya hesabu kwa sababu mwalimu huandika ubaoni bila kutamka anachoandika.” Sentensi ya namna hii huonyesha papo hapo kwamba suluhisho halihitaji fedha hata kidogo. Mengi yako hivyo: kumbadilishia mwanafunzi mahali pa kuketi, kuhamishia darasa lake ghorofa ya chini, kumgeukia mwanafunzi kiziwi anayesoma midomo wakati wa kuzungumza, au kumpa mwanafunzi mwenye uoni hafifu maandishi makubwa. Yatekelezeni hayo kwanza, ili fedha zibaki kwa mambo yasiyowezekana bila fedha.

Kununua bila kujidanganya

Bei ya kifaa ni sehemu tu ya gharama yake. Kifaa cha usikivu huhitaji betri mara kwa mara, na kipande kinachoingia sikioni hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Asipopangiwa hayo, kifaa kitaishia kabatini. Kiti mwendo hupimwa kwa mwili wa mtumiaji na mazingira yake, kwa sababu kisichomfaa huweza kumletea vidonda vya mgandamizo na kumharibia mkao. Kitabu cha nukta nundu huchukua kurasa nyingi kuliko kile cha maandishi ya kawaida, hivyo karatasi, uchapishaji na hata nafasi ya rafu viingizwe kwenye makadirio. Ngazi mteremko, yaani njia ya mteremko ya kupitishia kiti mwendo, nayo ina hesabu yake: kwa uwiano wa 1:12 unaotumika sana (kimo kimoja kwa urefu wa mara kumi na mbili), kizingiti chenye kimo cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 360. Fundi anayeahidi kuumaliza kwa mita moja anajenga mtego.

Chunguzeni pia kile kinachopatikana bure au kwa gharama ndogo. Programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini ya kompyuta, hutolewa bila malipo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kabla ya kulipia uchapaji upya wa kitabu kizima, ulizeni maktaba kama nakala ya aina hiyo ipo tayari.

Mafunzo ya walimu yasiachwe kuwa mabaki ya bajeti. Kifaa ambacho mwalimu hajui kukiwasha hakina tofauti na kifaa kisichokuwepo.

Kuajiri msaidizi

Fedha nyingi huishia kwenye mshahara wa msaidizi anayeketi kando ya mwanafunzi, na hapa ninashauri tahadhari. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na mtafiti wa elimu Peter Blatchford na wenzake, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2009, ulionyesha kuwa wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo zaidi kimasomo kuliko wenzao waliofanana nao. Lawama haikuwa ya wasaidizi, bali ya namna walivyotumiwa: waligeuka kuwa walimu wa mwanafunzi, naye mwalimu mwenye taaluma akabaki na darasa lililosalia.

Mkataba wa kazi ueleze basi anachokifanya msaidizi na asichokifanya. Anaweza kumsaidia mwanafunzi kujihudumia, kuandaa vifaa, au kusimamia kazi za kundi wakati mwalimu anapomfundisha mwanafunzi huyo mwenyewe. Mkalimani wa lugha ya alama ni mtaalamu wa aina nyingine kabisa. Asihesabiwe kuwa msaidizi wa darasa, na saa zake zijumuishe maandalizi ya istilahi za masomo.

Hesabu, siri na haki

Katika daftari la matumizi, kila malipo yaambatanishwe na kizuizi kilichokusudiwa kuondolewa, si jina la ugonjwa. Risiti na orodha za vifaa hupita mikononi mwa watu wengi, hivyo mtambulisheni mwanafunzi kwa namba, na taarifa zake za kitabibu ziwekwe mahali pengine. Mzazi naye asiambiwe kwamba anafanyiwa hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataja katika ibara ya 24 haki ya elimu jumuishi, na katika ibara ya 2 unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa aina ya ubaguzi.

Kila muhula rudieni zile sentensi za vizuizi na kumuuliza mwanafunzi ni zipi zimekwisha. Kilichoshindwa kiondolewe bila aibu, hata kama kiligharimu sana. Maombi ya muda wa ziada au karatasi maalumu za mtihani yapelekwe mapema, kwani mamlaka za mitihani huweka tarehe za mwisho. Na siku ya kununua kifaa chochote, andikeni mmiliki wake ni nani, ili mwanafunzi anapohamia shule nyingine ijulikane kama kiti mwendo au kompyuta aliyoizoea itaondoka naye, na nani atasaini hati ya makabidhiano.