Matundu yakae pamoja kwanza: ninavyolijaribu gobore langu Tanga

Siku ya kwanza nililikosea gobore langu heshima. Nilipiga risasi tatu kwa mita 50, zote zikaenda chini ya alama. Nikatoa tupa mfukoni nikaanza kusugua kilengeo cha mbele. Mpwa wangu, aliyenishikia daftari, akauliza, "Mjomba, una hakika?" Nikamjibu kwamba nimeshika bunduki yeye hajazaliwa. Wiki mbili baadaye, mtutu ukiwa safi na kitambaa kinachovikwa risasi kimebadilishwa, risasi zikawa zinapanda nusu shubiri juu ya alama. Chuma kilichosuguliwa hakirudi. Nililipa fundi mwenye leseni aniwekee kilengeo kipya, na mpwa wangu hakusema neno, alicheka tu kimoyomoyo. Tangu hapo nina amri moja: vilengeo haviguswi mpaka matundu ya risasi kwenye karatasi yakae pamoja, hata kama yamekaa pamoja mahali pabaya.

Kabla sijaendelea, haya ni kwa mwenye gobore la kiwandani lenye kibali cha polisi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na anayekwenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Lile lililofuliwa kichakani kwa bomba la maji halijaribiwi. Linasalimishwa. Bomba la maji halikutengenezwa kuzuia baruti, na linapopasuka hupasukia usoni kwa mpigaji.

Langu ni la fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti. Tundu la mtutu ni la nusu inchi, yaani milimita 12.7, na ndani una mifuo, ile mifereji ya mzunguko inayoizungusha risasi. Nililipata kwa taratibu zote kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anastaafu. Wazee wetu wengi wa pwani hawakuwahi kushika lenye mifuo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki zenye mifuo na za kisasa kuingizwa ukanda huu wa Afrika, ukaacha mlango kwa magumegume, bunduki za kuwashwa kwa jiwe zenye mtutu laini usio na mifuo, na baruti ya kawaida. Kama lako ni la mtutu laini, mengi ya hapa yatakufaa, ila usilidai ya mita 100. Mita 25 zinalitosha.

Jambo la kwanza hufanyika nyumbani, na gobore tupu. Ingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ugote, weka alama kwenye mdomo wa mtutu, utoe, kisha uulaze kwa nje. Ukifika hadi usawa wa kichuchu kinachovaa fataki, ndani hamna kitu. Ukiishia vidole viwili kabla, kuna mzigo umelala humo, pengine wa miaka, na hilo ni gobore lililoshiba. Lipeleke kwa fundi.

Kisha jua mifuo inazunguka kwa kasi gani, maana ndiyo inayoamua risasi ya kulisha. Chukua ufito wa kusafishia ambao mshikio wake unazunguka wenyewe, uvishe kitambaa kinachobana, uchore mstari ubavuni, uvute polepole ukiuangalia mstari. Mzunguko mmoja kwa sentimita 168 hivi hupenda risasi ya mviringo iliyovikwa kitambaa. Mmoja kwa sentimita 71 unataka risasi ndefu. Langu huzunguka mara moja kwa sentimita 122, wanaloliita la katikati, nami nalilisha ya mviringo: kipenyo milimita 12.4, uzito gramu 11 na nusu hivi, ya madini laini ya risasi yasiyochanganywa na mengine.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hupita mbio. Kitambaa ndicho kinachoshika mifuo, risasi yenyewe haiigusi. Nilianza na kipande cha kanga kuukuu ya mke wangu, bila kumwambia. Ilikuwa nyepesi mno. Nikahamia marekani, ile nguo ngumu ya pamba isiyopaushwa, nikaifua kwanza itoke wanga. Mafuta yake ni nta ya nyuki na mafuta ya nazi, nimeyayeyusha pamoja kwenye kikopo kilichokaa ndani ya maji ya moto. Joto letu hulainisha mafuta ya nazi yakawa maji, kwa hiyo mimi huzidisha nta. Usitumie grisi wala oili ya gari, maana ikichanganyika na masizi ya baruti huwa kama lami.

Uwanjani, kila upigaji ukisimamishwa ili watu waende kwenye karatasi za shabaha, okota vitambaa vyako. Huanguka mita chache mbele yako. Visome. Chenye duara jeusi katikati na nyuzi zote nzima ni kizuri. Kilichoungua katikati kinasema nguo ni nyembamba au mafuta hayatoshi, moto unapita. Kilichokatwa pembeni kama kwa wembe kinasema mdomo wa mtutu au mifuo ina makali. Vitambaa vyangu vya siku ile ya tupa vilikuwa vimeungua vyote, navyo vilikuwa mbele yangu saa nzima sijaviangalia.

Baruti ni nyeusi, au ile iliyotengenezwa mahsusi kuchukua nafasi yake. Baruti ya risasi za kisasa isiingie humo hata punje, kwani mtutu utapasuka. Kiasi kinatoka kwenye kijitabu cha mtengenezaji, na kikomo chake ni kikomo. Ndani ya mipaka hiyo nilianza na greini 50, ambazo ni gramu 3 na robo hivi, nikapanda kwa greini 5 kila mara, risasi tano kwa kila kiasi. Penye 65 matundu yalikusanyika. Penye 70 yakaanza kutawanyika tena, na nikarudi. Mwenye bunduki anayeongeza baruti akidhani anaongeza shabaha anaongeza moshi na maumivu ya bega.

Mimina kwa kipimo, usimimine kutoka kwenye pembe au chupa kwenda mtutuni. Cheche moja iliyobaki kutoka risasi iliyopita itawasha baruti inayoteremka, na chupa nzima iko mkononi mwako. Jaza kipimo, kigonge kidogo, kisawazishe, vilevile kila mara. Weka kitambaa, weka risasi, shindilia kwa mkupuo mmoja ulionyooka mpaka ikae juu ya baruti. Mdeki wangu una mstari wa rangi nyekundu: mzigo ukiwa umekaa sawasawa, mstari unalingana na mdomo. Mstari ukibaki juu ya mdomo, kuna nafasi kati ya risasi na baruti, na nafasi hiyo huweza kuvimbisha mtutu. Usishindilie na kichwa chako juu ya mdomo. Fataki huvishwa mwisho kabisa, ukiwa tayari umekaa, mtutu unatazama shabahani.

Kabla ya mzigo wa kwanza, piga fataki moja tupu, mdomo karibu na jani kavu upande wa shabaha. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Na fataki ikilia baruti isiwake, usiligeuze wala kulichungulia. Wenyewe husema dakika moja, mimi hungoja mbili. Miwani usoni, vizibo masikioni, sigara ibaki nyumbani.

Kaa, usisimame. Unapima gobore, hupimi mikono yako. Nina viroba viwili vya mchanga mkavu: kimoja chini ya mti wa gobore upande wa mbele, kingine chini ya kitako. Mtutu wenyewe usilale juu ya kiroba, utaruka. Weka mahali palepale kila mara, mimi nimechora chaki kwenye mti.

Nenda asubuhi. Tukiwa kwenye kusi, kuanzia saa nne karatasi inapigapiga kama tanga, na risasi ya mviringo husukumwa sana na upepo. Kwa mita 100, upepo wa kawaida wa ubavuni huweza kuipeleka zaidi ya shubiri. Asubuhi tulivu ina karaha yake, moshi unasimama mbele yako kama pazia. Novemba 1914, Waingereza walipoishambulia Tanga, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na Mauser za 1871 za baruti nyeusi, na wingu lao liliwafichua walipo. Wewe hufichuliwi na mtu, lakini subiri moshi uondoke ndipo uangalie, wala usikisie risasi ilikokwenda.

Baada ya kila risasi, pitisha kitambaa chenye unyevu mara moja, ukigeuze, kisha kikavu. Ukipiga tano bila kusafisha, ya tano inapita kwenye mtutu mwingine kabisa. Unyevu wa pwani hulainisha masizi, na hapo tunawazidi watu wa bara. Ubaya wake ni kutu, nitakuja.

Anza na mita 25 ili ujue tu kama unagusa karatasi, halafu hamia 50. Tano kwa kila karatasi. Tatu hudanganya, mimi ni shahidi. Pima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu lililo mbali nalo zaidi, au fanya kama mimi: nina kikombe cha kahawa ya barazani, mdomo wake sentimita 7. Kikiyafunika matundu matano ya mita 50, nimeridhika. Yakijipanga wima, naanza kushuku kipimo cha baruti na nguvu ya kushindilia. Yakijipanga ubavuni, naangalia upepo na kidole changu. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, na mwandishi aandike kabla hujabadilisha.

Yakishakaa pamoja, ndipo uje kwenye vilengeo. Cha nyuma kisogeze upande unaotaka risasi iende. Cha mbele ukikipunguza kimo, risasi hupanda. Hesabu ni nyepesi: umbali kati ya vilengeo viwili, zidisha kwa kosa, gawanya kwa umbali wa shabaha. Vyangu vimeachana sentimita 70. Kosa la sentimita 10 kwa mita 50 linataka milimita 1.4 tu. Mimi siku ile nilisugua kwa macho.

Jioni ileile, maji ya moto na sabuni, mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha, paka mafuta. Usiseme kesho. Hapa Tanga niliwahi kulala nalo usiku mmoja, asubuhi kitambaa kikatoka na rangi ya udongo wa Lushoto.

Kuna karatasi moja ambayo wengi hawana. Gobore langu kazi yake ni nguruwe wanaoingia kwenye mihogo, na nguruwe hangoji upige tano. Risasi inayohesabika ni ya kwanza, kutoka mtutu uliosafishwa jana. Basi kila nikifika uwanjani, risasi ya kwanza naipiga kwenye karatasi hiyo, naiviringisha, naiweka kando hadi safari nyingine. Safari tano, matundu matano. Kikombe hakikuyafunika. Nilikwenda jikoni nikachukua kisahani, kikayafunika, kikabakiza ukingo kidogo upande wa kulia.