Ukishamaliza kilomita tano, usikurupuke

Siku niliyokimbia kilomita tano bila kutembea hata hatua moja, nilitumia dakika 41. Jioni ile ile, kwa kiherehere, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: mwakani niko Moshi, nusu marathoni ya Kilimanjaro. Kilomita 21 na ushee, tena zenye mlima wa kuelekea Mweka. Wiki ya tatu ya mazoezi ugoko wa mguu wa kulia ulinivimba nikashindwa kukanyaga cherehani. Mimi ni fundi nguo, Kinondoni, na msimu wenyewe ulikuwa wa send-off. Wateja hawakunielewa, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo haya nayasema kwa aliyefika pale nilipokuwa: tano umezimaliza, sasa unataka lengo jipya.

Kabla ya kutaja lengo, pima. Kitambaa cha mtu sikikati kwa kukisia, lakini miguu yangu niliikisia. Chukua daftari (langu ni lile lile la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma) uandike ulichokimbia kweli kwa wiki nne zilizopita. Siyo ulichopanga. Zangu zilikuwa kilomita 9, 12, 4, 11; ile ya 4 tulikuwa na msiba. Jumla 36, wastani 9 kwa wiki. Mtu wa kilomita 9 kwa wiki nzima anaahidi 21 za asubuhi moja kwa lipi?

Halafu chagua kitu kimoja: kwenda mbali zaidi au kwenda haraka zaidi. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyoniumiza. Mimi nilichagua umbali, kilomita 10, na dakika nikaziacha kabisa. Chini ya lengo niliandika siku: Jumanne, Alhamisi, Jumapili. Mstari huo wa siku ndio ninaouthamini zaidi, kwa sababu kufika kilomita 10 kunategemea mengi, ila kuvaa raba Jumanne alfajiri ni juu yangu.

Tarehe usiiokote hewani, ihesabu. Mbio yangu ndefu, ya Jumapili, ilikuwa kilomita 5. Niliamua kuongeza kilomita moja kila baada ya wiki mbili, basi kutoka 5 hadi 10 ni wiki 10. Nikafungua kalenda nikakuta Ramadhani imekaa katikati. Hapo wengi hujidanganya. Nikaongeza wiki 4, zikawa 14, na mwezi ule sikupandisha chochote: mara mbili kwa wiki, dakika 20 za taratibu, nikipanga kufika nyumbani adhana ya magharibi inakaribia. Wewe huenda una mitihani, mavuno au mtoto mchanga. Kiandike kwenye hesabu mapema, kisije kikaonekana uvivu baadaye.

Kasi? Polepole kuliko unavyodhani. Nakimbia na shoga yangu, na kipimo chetu ni maongezi: nikishindwa kumsimulia mteja aliyechukua gauni bila kumalizia hela, tumekwenda mbio mno. Filbert Bayi, mwanariadha wetu wa Tanzania, aliongoza tangu mwanzo kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 akamaliza mita 1500 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Bayi alijijua. Sisi tukianza hivyo tunamalizia kwa bodaboda.

Tunatoka saa 11 na nusu alfajiri, watatu, kwa sababu bado giza na sisi ni wanawake. Tunapenda Daraja la Tanzanite: urefu wake ni kama kilomita moja, kwenda na kurudi unapata mbili bila saa ya gharama. Ikifika saa 2, hasa Februari, jua la Dar halina mzaha. Raba zangu ni za mtumba, za soko la Karume. Geuza soli, ikiwa imelika upande mmoja, iache hata kama juu inang'aa.

Ukikosa siku, usilipe deni. Jumanne iliyopotea imepotea. Ukiibandika juu ya Alhamisi unarudi kwenye ugoko wangu. Misuli ikikaza miguu yote miwili na kulegea ukishapasha mwili, endelea taratibu. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia, hayo simama. Ukichechemea hata kwa kutembea, nenda hospitali.

Na andika mapema lengo la akiba. Langu lilikuwa kilomita 8. Asubuhi yenyewe ikiharibika, unajua pa kusimama bila aibu.

Jumapili ya wiki ya 14 sikulihitaji. Nilimaliza kilomita 10 kwa saa moja na dakika 27, pamoja na kusimama kunywa maji mara mbili. Kesho yake nilifungua ukurasa mpya, nikajumlisha wiki nne za mwisho, nikapata wastani wa kilomita 17. Shoga yangu, ambaye ule ujumbe wa Moshi hajaufuta, akauliza: haya, tunajiandikisha?

Nikamwambia bado napima.